MASHAURI YA KARANI: Mashua Hii ni ya Nani?

Juma lililopita nilipokea barua ya watu watano wa hapa hapa Makongeni, wanne wafanya kazi wa viwanda vya Thika na mmoja mkulima, ambao wameweka akiba katika chama chao kwa muda wa miaka mitatu. Wamempata mtu wa Naivasha auzaye mashua ya faiba iliyokwisha tumika, pamoja na injini yake ya kufungwa nyuma. Nia yao ni kuipeleka katika bwawa la Masinga ili wawachukue watu wa mapumziko siku za Jumamosi na Jumapili. Muuzaji amewaonyesha karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi mbili na muhuri wa chifu, isemayo kwamba naye aliinunua mashua hiyo kwa mtu fulani. Wanauliza: Je, karatasi hii yatosha? Na chini ya barua mmoja wao ameongeza kwa wino mwingine kwamba mashua ya kutembelea si meli, basi Serikali ina haja gani nayo?

Karatasi hiyo haitoshi. Lakini kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wangejibu kwamba yatosha, yafaa nieleze sababu kwa urefu kidogo.

Watu wa Kiambu na Murang'a hawahitaji kufundishwa nguvu ya daftari. Katika miaka ya 1950, mashamba yalipokusanywa na kupimwa, jina lililoandikwa ndilo lililosimama. Na wako waliotoka kizuizini wakakuta mipaka imekwisha wekwa na majina yamekwisha andikwa, nao hawakuwapo kusema neno. Tangu hapo hapana mkulima mwenye akili timamu anunuaye shamba bila kwenda kuitazama hati katika afisi ya ardhi. Gari vivyo hivyo: mtu hatoi fedha zake kabla ya kuona kitabu cha gari na jina lililomo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akifika kando ya maji, hutosheka na karatasi iliyoraruliwa katika daftari la shule.

Nayo mashua yataka uangalifu kuliko shamba. Shamba lina majirani. Ukilidai, wazee watakuja waonyeshe mti wa mpaka na waseme nani alilima hapa mwaka gani. Mashua haina jirani. Leo iko Naivasha, kesho imepakiwa juu ya lori, kesho kutwa imepakwa rangi nyingine na kupewa jina la mtoto wa mtu. Hapana awezaye kusema ni ya nani isipokuwa daftari.

Sasa kuhusu muhuri wa chifu. Simvunjii chifu heshima, lakini hebu tuufikiri muhuri huo unashuhudia nini. Unashuhudia kwamba watu wawili walifika mbele yake wakatia sahihi. Haushuhudii kwamba yule wa kwanza alikuwa na haki ya kuuza. Mwizi naye aweza kutia sahihi, na mkono wake hautetemeki.

Dhana ya kwamba chombo kidogo hakihusiki na sheria ina asili yake, wala haikubuniwa na rafiki yetu wa wino wa pili. Sheria ya Uingereza ya vyombo vya biashara ya mwaka 1894, ambayo ilitumika pia katika makoloni, iliviachilia vyombo visivyozidi tani 15 vilivyofanya kazi mitoni na pwani za nchi vilimokaa. Havikulazimika kuingizwa katika daftari kuu la meli. Wazee walizoea hivyo. Lakini Kenya ya leo ina sheria yake ya meli ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ile ambayo makarani huiita KMA, yenye makao yake makuu Mombasa. Mtu asidanganywe na neno bahari. Kazi ya mamlaka hiyo hufika pia maji ya bara, yaani maziwa, mito na mabwawa. Mto wetu wa Thika, baada ya kuungana na Chania, huenda kumwaga maji yake katika bwawa lile lile la Masinga, na kutoka hapo Tana huyachukua mpaka bahari ya Kipini. Chombo kikielea katika maji hayo, kina mtu wa kukiuliza habari zake.

Kwa nini Serikali yataka kujua? Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie nirudi nyuma kidogo, maana kuna kesi moja ya pwani yetu na ya Oman ambayo sijaona nyingine ielezayo jambo hili vizuri kama hiyo.

Katika karne ya kumi na tisa majahazi ya Sur, mji wa pwani ya Oman, yalikuwa yakija na kaskazi mpaka Zanzibar na pwani yetu. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyasimamisha na kuyapekua kutafuta watumwa. Lakini Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Manahodha wa Sur wakaligundua hilo upesi. Baadhi yao wakajipatia hati na bendera kutoka kwa maafisa wa Kifaransa, na jahazi la Mwarabu wa Oman, ambaye pengine hakujua neno moja la Kifaransa, likawa chombo cha Kifaransa majini. Wengi walifanya biashara ya halali ya tende na boriti. Wengine walipakia watu chini ya bendera hiyo.

Mataifa yalipokutana Brussels na kutia sahihi mkataba wa tarehe 2 Julai 1890, Sultani wa Zanzibar akiwa miongoni mwao, hawakuishia kulaani biashara ya watumwa kwa maneno. Waliandika kanuni za karatasi. Jahazi lisipewe bendera ila mwenyewe awe raia au mtu aliye chini ya ulinzi wa dola inayompa bendera hiyo, tena awe na sifa njema. Hati itaje jina la chombo, tani zake na vipimo vyake. Jina lichongwe na kupakwa rangi tezini kwa herufi za Kilatini, na tangani ziandikwe kwa rangi nyeusi herufi za bandari na nambari ya chombo katika daftari la bandari hiyo. Nambari unayoiona leo ubavuni mwa mashua ya watalii yafanya kazi ile ile ya maandishi yale meusi: mtu aliye mbali, asiyeweza kupanda chomboni, apate kujua ni chombo gani.

Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya majahazi ya Sur haukumalizika hapo. Ulipelekwa katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Wasuluhishi wakasema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha mkataba wa Brussels, ilikuwa huru kuwapa bendera yake raia wa Sultani wa Muscat. Lakini baada ya siku hiyo yaweza kuwapa wale tu ambao walikuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya mwaka 1863. Kisha wakaongeza neno ambalo ningependa watu wetu watano walisome mara mbili: ruhusa ile haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata kama majahazi yote mawili ni mali ya mtu mmoja.

Yaani karatasi imefungwa kwa mtu huyu na kwa chombo hiki. Ukinunua chombo, hujanunua jina lililo katika karatasi yake. Sharti jina lako liandikwe upya na mwenye daftari. Na ukivunja chombo cha zamani ukaunda kipya, huwezi kukivika kipya hati ya marehemu. Nimesikia watu wakisema kwa fahari, “Mashua hii ina karatasi,” na ukiitazama karatasi yenyewe ni ya mashua nyingine ya urefu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya, na Wamarekani wamelitenganisha vizuri. Huko mashua za tafrija ni mamilioni, na tangu sheria yao ya mwaka 1958 kila jimbo huzipa nambari mashua zenye injini. Nambari hiyo huandikwa pande mbili za omo kwa herufi nene, kusudi polisi wa majini aisome. Lakini katika majimbo mengi kuna hati nyingine mbali kabisa, ambayo ndiyo ya umiliki. Hiyo haimhusu polisi, yamhusu mnunuzi na mkopeshaji. Moja yasema chombo ni kipi, nyingine yasema ni mali ya nani na kama kimewekwa rehani. Aidha, tangu mwaka 1972 mtengenezaji wa Marekani hulazimika kuchonga nambari ya tarakimu na herufi 12 katika mwili wa mashua, upande wa kulia nyuma. Nawaeleza haya kwa sababu mashua za faiba zilizotumika huletwa kutoka nchi za nje. Ikiwa hiyo ya Naivasha yasemekana ni ya Marekani, piga magoti utazame hapo nyuma. Ukikuta pamesuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi mpya, rudi nyumbani.

Injini itazameni peke yake. Ina nambari yake, nayo hutoka mashuani kwa kufungua komeo mbili tu. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wamelia miaka mingi juu ya wizi wa injini, na injini hizo haziyeyuki majini, huuzwa mahali. Takeni stakabadhi ya duka au karatasi za forodha zenye nambari ile ile. Tena, tangu mwaka 2017 nchi hii ina sheria na daftari la mali inayohamishika iliyowekwa rehani, nalo huweza kutafutwa kwa jina la mkopaji. Gharama ya kutafuta ni ndogo mno ukiilinganisha na kumlipia mtu usiyemjua deni lake la benki.

Sasa nafika mahali ambapo hawakuuliza, lakini ndipo nionapo hatari kubwa zaidi. Barua yao yasema hivi: “mashua itaandikwa kwa jina la mwenyekiti wetu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi ya kusafiri.” Ndugu zangu, msifanye hivyo.

Mwenyekiti wenu huenda ni mtu mwema kuliko sisi sote. Lakini binadamu hufa, hudaiwa, na huoa. Akifa, daftari litasema mashua ni yake, na kwa sheria ya urithi mali ya marehemu ni ya warithi wake. Mjane atakayekuja kuichukua si mwizi. Ameambiwa na karatasi ya Serikali kwamba ni mali ya mumewe. Ninyi wanne mtasimama kortini na kitabu cha chama mkononi, kurasa zake zina madoa ya chai, mkijaribu kuthibitisha kwamba mlitoa fedha kila mwisho wa mwezi. Pengine mtashinda. Lakini wakili atakuwa amekwisha kula injini.

Desturi ya kugawanya chombo kati ya watu wengi ni ya zamani. Sheria ile ya Kiingereza ya 1894 iliigawa kila meli katika mafungu 64, idadi ambayo kila mtu huishangaa akiisikia mara ya kwanza, na kila mwenye fungu akaandikwa. Iliruhusu pia watu wasiozidi watano kuandikwa kwa pamoja kama mwenyewe mmoja. (Nanyi ni watano, sheria ile kama iliwaona.) Hizo ni njia mbili zisizofanana, na tofauti yake mwaijua katika ardhi, maana sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012 inayo vile vile: wenye mali kwa pamoja, akifa mmoja, sehemu yake huwabakia wenzake, wenye mali kwa mafungu, akifa mmoja, fungu lake huwaendea warithi wake. Keteni pamoja mkiwa wazima na wenye kupendana, mkate shauri mwataka lipi, ama mwanzishe kampuni ndogo ili mashua iwe ya kampuni na ninyi muwe na hisa. Lo lote mtakalolichagua, msajili aulizwe mapema ni namna gani atakubali kuyaandika majina, na jina la mtu mmoja lisisimame peke yake.

Na ikiwa wake zenu hawajui habari za chama, waambieni. Mwanamke asiyejua kwamba mumewe ana fungu katika mashua hawezi kulidai.

Limebaki jambo la roho za watu. Hati ya umiliki haielei. Yasema mashua ni ya nani, wala haisemi kwamba haivuji. Ukaguzi wa usalama ni kazi nyingine na cheti chake ni kingine. Nacho huisha muda wake, wala si kama hati ya shamba inayokaa sandukuni mpaka wajukuu. Nahodha naye hupimwa na kupewa leseni yake. Bima ni ya nne. Kama mtavua samaki, kuna mlango mwingine tena, wa sheria ya uvuvi ya 2016. Na maji yenyewe ya Masinga yana wenyewe: bwawa lile, lililokamilika mwaka 1981, li chini ya mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na mtu hawezi kufika na lori akashusha mashua ufukoni kana kwamba ni mbuzi wa kuchunga.

Mwaka 2018 ulituonyesha pande zote mbili za jambo hili katika muda wa majuma tisa tu. Tarehe 20 Septemba kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria. Kilikuwa chombo cha Serikali, umiliki wake haukuwa na shaka, na kiliwekewa kiasi cha abiria 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Tarehe 24 Novemba mashua ya tafrija ilizama upande wa Uganda, katika wilaya ya Mukono, ikiwa na watu waliokwenda kustarehe mwisho wa juma. Zaidi ya 30 wakafa, na mwenye mashua mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Serikali ya Uganda ilisema kwamba mashua hiyo haikuwa na leseni. Waokoaji hawakujua hata idadi ya watu wa kutafuta, kwa sababu hapakuwa na orodha ya walioipanda.

Ya kwanza yatufundisha kwamba chombo chenye mwenyewe anayejulikana chaweza kuua watu kikijazwa kupita kiasi. Ya pili yatuonyesha kwamba mashua ya kuchezea huzama kwa uzito ule ule kama ya kazi. Kwa hiyo nasema kwa yule wa wino wa pili: haja ya Serikali ni hiyo. Siku ya Jumapili mtapakia watoto wa watu waliovaa nguo zao za kanisani, wasiojua kuogelea. Andikeni majina yao kabla ya kusukuma mashua, mwacheni mtu nchi kavu na orodha hiyo, na kila abiria avae jaketi la kuelea. Kulikalia kama mto wa kiti hakutamsaidia.

Nimekwisha wajibu watu hao kwa posta. Nimewaambia wamwandikie muuzaji wakimwomba vitu vitatu: cheti cha mashua chenye jina lake mwenyewe, stakabadhi ya injini yenye nambari, na cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujapita. Kama hakuiandikisha kamwe, basi atafute karatasi za yule aliyemwuzia, na za aliyetangulia, mpaka mnyororo ufike kwa mwundaji au kwa forodha, kisha aiandikishe kwa jina lake ndipo aihamishe kwao mbele ya msajili. Akikasirika, hasira yake ni jibu. Akikubali lakini aombe muda, apewe muda. Ametaka apewe nusu ya bei kwanza “ili mashua isichukuliwe na mnunuzi mwingine”. Nimewashauri wasitoe hata shilingi moja mpaka mmoja wao, pamoja na fundi wa injini, amekwenda Naivasha akazisoma nambari zote kwa macho yake na kuziandika, na KMA imewajibu kama nambari hizo zimo katika daftari, na kwa jina la nani.